Mwari wa Gatini

Corliss Guidry alipofika, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa, na gati lenyewe lilionekana nusu tu: mbao chache zilizolowa, kisha weupe mtupu. Miti ya misipresi ilisimama majini kama viumbe visivyo na miguu, ndevu za kijivu za ukoga wa mitini zikining'inia bila kutikisika. Ng'ambo huko kengele ya kanisa ilikuwa ikilia taratibu, kana kwamba anayeivuta kamba alikuwa anasinzia kati ya pigo na pigo.

Corliss alikuwa mpelelezi wa ofisi ya sherifu, mwanamke wa makamo mwenye mwendo wa polepole uliowafanya wengi wamdhanie mzembe. Hakuwa mzembe. Alipenda tu macho yake yafike mahali kabla hayajaambiwa cha kuona.

Gari la wagonjwa lilikwisha kumchukua msichana. Aliitwa Jessamine Pruitt, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo cha Belvoisin, na tangu mwanzo wa muhula alikuwa mwari, mwanachama mtarajiwa, wa chama cha dada, wasichana wa chuo wenye nyumba kubwa nyeupe ng'ambo ya barabara. Sasa alikuwa hospitali, barakoa ya hewa usoni, na hakuna aliyeweza kusema kama ataamka.

"Mlimkuta wapi?" Corliss alimuuliza askari wa zamu.

"Hapo majanini, afande. Amelazwa ubavu, mkono chini ya shavu, kama mtoto aliyepitiwa na usingizi. Gauni jeupe refu, limelowa chapachapa. Viatu hana. Na amefunikwa koti hili."

"Nani alikuwa naye?"

"Hakuna. Aliyepiga simu alikwisha kuyeyuka."

Corliss alilipokea koti. Lilikuwa la sufu, kijani, na kifuani limeshonewa herufi za Kigiriki za chama kimoja cha udugu cha wavulana wa chuo. Aliupitisha mkono nje, kisha ndani. Nje lilikuwa na umande tu. Ndani lilikuwa maji matupu.

"Hakuingia nalo majini," alisema. "Amevishwa alipotoka. Na huyo aliyemlaza ubavu alijua anachofanya. Mtu mwenye kiherehere angemwacha chali akasongwa na matapishi yake."

Akatembea juu ya gati, kichwa ameinamisha. Ubao baada ya ubao, kulikuwa na matone ya nta, meupe, bado mororo. Mengine yalikuwa ukingo wa kushoto, mengine wa kulia, yakifuatana sambamba hadi mwisho wa gati. Aliyakwangua kwa ukucha, akayatia ndani ya bahasha.

"Mtu akitembea na mshumaa," alimwambia askari, "nta hudondoka upande mmoja. Hapa walisimama watu safu mbili, na mtu akapita katikati."

"Mazishi?"

"Au harusi."

Ofisi ilikuwa imemtumia ile sauti ya simu ya dharura. Aliisikiliza amesimama mwisho wa gati, maji yakipumua chini ya mbao. Ilikuwa sauti ya msichana, ya chini, imekatika kwa mbio. *Njooni gati la chuo. Dada yetu hapumui. Upesi, tafadhali, dada yetu...* Kisha kimya, na ndani ya kimya hicho, mbali, kitu kama wimbo, au pengine upepo tu. Aliirudia mpaka maneno yakaanza kusikika kama yanatoka majini.

*

Wasichana wa chama walikuwa kwenye baraza ya nyumba nyeupe, wamekaa kwenye viti vya bembea, wamevaa nguo za kanisani za rangi za maua. Viti vilikuwa vikienda mbele na nyuma pamoja. Nywele zao zote zilikuwa mbichi.

Mwenyekiti wao alisimama kumpokea. Aliitwa Avalyn Castaing, mrefu, mpole, macho yamemvimba kidogo kope za chini.

"Karibu afande. Tukuletee chai ya barafu?"

"Asante binti. Nyote mmeosha nywele asubuhi hii?"

"Ni Jumapili, afande."

"Kweli. Mungu hapendi vumbi. Niambie kuhusu Jessamine."

"Jessamine aliondoka hapa jana jioni akiwa na moyo mzito," alisema Avalyn. "Alikuwa anakwenda kumwona mpenzi wake, Thad Robichaux. Walikuwa hawaelewani. Hatukumwona tena."

Corliss alimgeukia msichana wa kiti cha pili. Naye alisema Jessamine aliondoka jana jioni akiwa na moyo mzito. Wa tatu alianza, "Aliondoka jana jioni akiwa..."

"...na moyo mzito," Corliss alimmalizia. "Mnaimba vizuri. Hata kwaya ya parokia yetu huwa na mmoja anayekosea ubeti."

Bembea moja ilisimama. Nyingine zikaendelea.

"Tumeshtuka tu, afande," alisema Avalyn. "Tumezungumza wenyewe kwa wenyewe."

"Naona. Dada yenu yuko mahututi."

"Mwari wetu," Avalyn alisahihisha, bila ubaya, kama mtu anayeokota uzi kwenye nguo ya mwenzake. "Samahani. Hapa neno hilo halitamkwi ovyo. Mwari akishakula kiapo ndipo anaitwa dada. Kabla ya hapo, hata kwa utani, hakuna anayethubutu."

"Na akithubutu?"

"Anafutwa chamani."

"Jessamine angekula kiapo lini?"

"Wiki ijayo." Avalyn alitazama ziwani, ambako hapakuwa na ziwa, ukungu tu. "Ingekuwa wiki ijayo."

Corliss aliomba mahali pa kunawa mikono. Alielekezwa kushoto, akaenda kulia, akajikuta kwenye baraza ya nyuma. Huko alisimama.

Magauni yalikuwa yameanikwa kwenye kamba, marefu, meupe, moja baada ya jingine hadi yalikomezwa na ukungu. Yalijaa hewa kidogo na kupungua, kama wasichana wasio na vichwa wanaovuta pumzi. Matone yalidondoka sakafuni kutoka kila pindo, polepole, mvua iliyosahau kuisha. Corliss aliinua pindo moja. Lilikuwa limegandwa na majani madogo ya kijani, mviringo, mithili ya dengu. Majani hayo hayaoti bombani. Huelea ziwani.

"Siku hizi ofisi ya sherifu inakagua nguo za wasichana, Corliss?"

Alikuwa Bi Honorine Vidrine, mlezi wa wanafunzi wa chuo, mwanamke wa miaka sabini hivi, amenyooka kama mshumaa. Kwenye kola yake kulikuwa na pini ya dhahabu ya umbo la kandili. Wasichana wote wa barazani walikuwa nayo.

"Shikamoo, Bi Honorine. Naangalia jinsi zinavyokauka."

"Marahaba mwanangu. Hebu kaa nami kidogo."

Wakakaa kwenye ngazi. Bi Honorine alizungumza akitazama magauni, sauti yake ikienda taratibu.

"Mume wangu alipofariki, kabla machozi hayajakauka, jiko langu lilikuwa limejaa. Dada zangu wa nyumba hii. Wengine sikuwa nimewaona tangu usichana wetu. Mmoja aliendesha gari toka Texas, akaingia, akavua kofia, akaanza kuosha vyombo. Hakuniuliza swali hata moja. Mama yangu mzazi alikuwa na maswali kibao. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na huyu Jessamine. Amelelewa nyumba hii, amehamishiwa nyumba ile, kila Krismasi na watu wapya wanaomwambia jisikie uko kwenu. Alipokuja hapa wasichana walimpa kikombe chake, ndoana yake ya koti mlangoni. Alikuwa akiigusa hiyo ndoana kila anapopita, kuhakikisha bado ipo. Sasa ukiibomoa nyumba hii, utakuwa umemsaidia nani?"

"Bi Honorine, anayegonga mlango habomoi nyumba."

"Nakuomba tu usiiite ajali ya watoto jinai."

Corliss aliliacha tone moja lidondoke, na jingine.

"Ajali ipi, Bi Honorine?" aliuliza. "Wasichana wako wanasema alikwenda kwa mvulana."

Mkono wa Bi Honorine ukapanda wenyewe hadi kwenye ile pini, ukakaa hapo.

Corliss aliinuka, akampigia askari wa zamu simu akiwa pale pale. "Omba hati ya upekuzi kwa hakimu. Kisha simama baraza ya nyuma mpaka ifike, magauni haya yasiguswe. Usiruhusu hata jua liyaguse, ukiweza."

*

Thad Robichaux alikuwa kwenye ukumbi wa kanisa la Mtakatifu Rita, amefunga aproni juu ya shati la tai, anageuza chapati za maji kwenye bamba pana la moto. Wenzake wa chama cha udugu walikuwa wakiwapelekea wazee mezani, wakiwamiminia sharubati, wakiwatania. Mvuke na harufu ya siagi vilijaa hadi darini, na wazee walionekana kama wanakula mawinguni.

Corliss alimwendea kwanza padri. Vijana wamefika lini? Alfajiri, kabla ya kengele ya kwanza, alisema padri. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafungulia mlango, na huyu Robichaux alikuwa wa mbele, amebeba gunia la unga. Hufanya hivi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Hajawahi kukosa.

Basi mpenzi mwenye ugomvi akayeyuka palepale, kama siagi. Lakini koti lilibaki.

"Afande, kaa ule kwanza," alisema Thad. "Zikipoa hizi zinakuwa kandambili."

"Nitakula. Hili koti ni lako?"

Alilitazama, na ule mzaha ukamtoka usoni. "Lilikuwa langu."

"Jessamine Pruitt ni nani wako?"

"Nani?"

"Mpenzi wako. Mligombana jana jioni, akaondoka na moyo mzito. Sasa hivi yuko hospitali, amezama."

Thad aliweka mwiko chini. "Afande, msichana huyo nimemwona kwa mbali tu. Hata sauti yake siijui. Nani kasema ni mpenzi wangu?"

"Dada wa nyumba nyeupe. Wote. Kwa sauti moja."

Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa masikio yake yakawa mekundu. "Wamenitoa kafara," alisema polepole. "Tunacheza nao, tunakula nao, gari lao likiharibika ni sisi tunaolisukuma. Wamenitoa mimi kafara."

"Koti ulimpa nani?"

"Siwezi kumtaja mtu, afande. Sisi tuna kiapo chetu. Hatuchongeani, wala hatumchongei mtu wa nyumba ile."

"Nimesikia. Chapati zako zinaungua."

Alizigeuza kwa haraka. Zilikuwa zimekuwa nyeusi upande mmoja.

"Kijana," alisema Corliss, "kiapo chenu nakiheshimu. Nimewaona wazee wale wanavyokula. Wengine tangu Jumapili hadi Jumapili hakuna anayewaambia karibu. Lakini yule aliyemvika msichana koti lako ndiye mtu pekee aliyekuwa na huruma asubuhi ile. Simtafuti nimfunge kwa ajili ya koti. Namtafuta kabla wenzake hawajamfundisha kusema moyo mzito."

Thad alizima moto. Alijifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Delphine Mouzon," alisema. "Nilimpa kwenye mechi, alikuwa anatetemeka. Alisema atalirudisha, nikamwambia asilirudishe." Akainua macho. "Anasomea uuguzi. Ndiye kungwi wa huyo Jessamine. Kila mwari hupewa kungwi wa kumfunda, kumsindikiza, kumtunza. Delphine hawezi kumdhuru hata nzi, afande. Anawatoa nje kwa kikombe."

*

Corliss hakumkuta Delphine nyumba nyeupe. Alimkuta pale alipodhani atamkuta: bustani ya hospitali, kwenye benchi chini ya mti wa magnolia, amevaa ndara za nyumbani, macho kwenye madirisha ya ghorofa ya juu. Jua lilikuwa limeutafuna ukungu, na mwanga uliopita kwenye majani ulikuwa na rangi ya mzeituni, kama mwanga wa chini ya maji. Delphine Mouzon alikuwa mdogo wa umbo, uso mpana, mikono ameiweka mapajani kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa kuvishika.

"Hawaniruhusu kupanda," alisema kabla hajaulizwa. "Mimi si jamaa yake."

Corliss alikaa. Ilikuwa sauti ileile. Hakuhitaji kuisikiliza tena kwenye simu.

"Unajua ulisema nini ulipopiga?"

"Nilisema hapumui."

"Ulisema 'dada yetu'. Avalyn anasema mwari haitwi dada mpaka ale kiapo, na kiapo ni wiki ijayo."

Delphine alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti yake haikubadilika, kama mambo mawili yasiyojuana.

"Kiapo kilikwisha kuliwa, afande. Alfajiri ya leo. Alikuwa dada. Hilo hakuna anayeweza kumvua sasa."

"Nieleze."

Corliss aliweka kinasa sauti kwenye benchi kati yao, akamwonyesha, akamsomea haki zake zote. Delphine aliitikia kila moja. Kisha akaeleza. Walishuka ziwani kukiwa na ukungu, mishumaa safu mbili, wakiimba. Mwari hupita katikati, hula kiapo mwisho wa gati, kisha huingia majini hadi kifuani na dada zake wanaingia naye. Anazamishwa. Anatoka mtu mpya. Ilifanyika hivyo kwa Avalyn, na kwake yeye Delphine, na kwa Bi Honorine enzi hizo. Sheria ya jimbo inakataza. Kila mwaka Bi Honorine huwakumbusha kuwa inakataza, na hapo hapo huenda kulala mapema.

"Alipoinuliwa alikuwa mlegevu," alisema. "Tulidhani anatania. Mtu mmoja alicheka. Kisha Avalyn akasema, hatukuwa hapa. Akasema twende, sote, sasa. Wakaenda. Mimi nilimvuta majanini, nikapiga simu, kisha nikampulizia pumzi mpaka akatapika maji. Nikamlaza ubavu. Koti nilikuwa nimeliacha gatini, nikamfunika."

"Kisha ukakimbia."

"Niliposikia king'ora. Ndiyo. Nilikimbia. Nilipofika Avalyn alinikumbatia mlangoni, akalia. Usimdhanie shetani, afande. Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na mtu wa kuzungumza naye, muhula mzima. Nilikuwa nakula biskuti maktaba nikijificha. Ni yeye aliyenifuata akaniambia, wewe, njoo ule na sisi. Bila yeye ningerudi kwetu."

"Nakuamini. Nani alimshika Jessamine kichwa?"

Ua moja la magnolia lililochelewa msimu liliachia petali. Delphine alilitazama likishuka, likigeuka, mpaka likatua.

"Kulikuwa na ukungu."

"Nauliza mkono wa nani."

"Kulikuwa na ukungu mwingi, afande."

Corliss hakusukuma. Alizima kinasa sauti. Mtu aliyekwisha kumtaja mwenyekiti wake, mlezi wake na kukimbia kwake mwenyewe, kisha akakwama kwenye jambo moja dogo, hajakwama kwa sababu hakuliona.

"Njoo," alisema. "Utakaa nje ya mlango."

*

Daktari aliwapokea ukumbini. Naye alikuwa na pini ya kandili kwenye koti lake jeupe. Corliss aliiona, daktari akaona kuwa imeonekana.

"Mimi pia ni wa nyumba ile," alisema daktari. "Simu zimekuwa zikilia tangu asubuhi, wananiomba nisimruhusu mtu kuzungumza naye mpaka kesho. Watu ninaowapenda." Akafungua mlango. "Ameamka. Ingia."

Chumba kilikuwa na pazia jembamba, na alasiri ilipita ndani yake kama maziwa. Jessamine Pruitt alilala juu ya mto mmoja, nywele zake zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka, majani ya ziwani bado yamenasa humo. Barakoa ilikuwa imeshushwa hadi kidevuni.

"Nilijikwaa," alisema, sauti yake kama karatasi.

"Sijakuuliza bado."

"Ili nisisahau."

Corliss alivuta kiti. "Ulijikwaa umevaa gauni jeupe?"

"Natembea usingizini."

"Hayo wamekufundisha?"

"Hapana. Nimeyatunga sasa hivi." Alijaribu kutabasamu. "Ni mabaya?"

"Mabaya sana, mwanangu. Nimesikia walevi wakitunga bora zaidi."

Msichana alicheka, kikohozi kikamshika, Corliss akamshikilia mabega mpaka kikapita. Mashine pembeni ilikuwa ikihesabu moyo.

"Ukiandika nilijikwaa, kesi imekwisha?"

"Imekwisha. Wewe ni mtu mzima, neno lako ndilo neno. Utarudi kwenye ndoana yako ya koti. Na mwakani mwari mwingine ataingia maji yale yale."

"Na nikisema?"

"Nyumba huenda ikafungwa. Baadhi yao watasimama mahakamani. Sitakudanganya kwamba watakupenda."

Jessamine alifumba macho. Aliposema, alisema akiwa bado amefumba, na maneno yalimtoka mojamoja, kama mtu anayeeleza ndoto kabla haijamkimbia.

"Maji yalikuwa na joto kuliko hewa. Sikutegemea. Waliimba, na jina langu walilitia kwenye wimbo. Hakuna mtu aliyewahi kulitia jina langu kwenye wimbo, afande. Mishumaa ilikuwa inaelea, au mimi ndiye niliyekuwa naelea. Nilifurahi. Uandike hilo pia, kwamba nilifurahi. Kisha mkono ukanishika kisogo ukanishusha, na chini kulikuwa na kijani tu, na niliendelea kuwasikia wakiimba, mbali, mbali zaidi."

"Uliujua mkono?"

Jessamine aligeuzia uso ukutani.

"Jessamine. Uliujua?"

"Unanisuka kila Jumamosi," alisema, akagusa mistari ya nywele zake. "Umesuka hizi. Ningeujua popote." Chozi lilimteremka kuelekea sikioni. "Wa Delphine."

Corliss alimpandishia barakoa, akamfunika shuka mabegani. Akatoka.

Ukumbini askari wa zamu alimpigia simu: hati imetoka, magauni yamechukuliwa yakiwa bado yanadondosha, na Avalyn Castaing anakuja ofisini mwenyewe, Bi Honorine ndiye anayemwendesha. Corliss aliitikia, akakata simu.

Delphine alikuwa amesimama ukutani. Hakuwa amekaa kwenye kiti alichopewa.

"Amesema?"

"Amesema."

Delphine alishusha pumzi, ndefu, ya mtu aliyekuwa ameishikilia tangu alfajiri. Alinyoosha mikono yake mbele, viganja juu, lakini Corliss hakutoa pingu.

"Kungwi ndiye anayemzamisha mwari wake," alisema Delphine. "Ndiyo heshima yenyewe. Na akizidiwa hupiga mateke. Wote hupiga, mimi nilipiga mpaka nikamvunja mtu kidole. Ndivyo tulivyofundishwa: akipiga teke, mwachie. Basi nilikuwa nasubiri apige teke, afande. Nikasubiri."

"Na yeye?"

"Hakupiga. Alitulia mkononi mwangu, tuli, kama mtu aliyefika kwao."